Bei ya 1977, Miti ya Babu na Jedwali Lisilohitaji Makro

Leo siongei simu mpya wala mziki. Leo ni kahawa, ndizi na Excel, na tafadhali usitoroke kabla hujafika katikati, maana hii stori nusura itugharimu nusu ekari nyumbani.

Desemba 2024 nilikuwa Kanyakine kwa likizo. Kama hupajui, ukitoka Meru mjini ushike barabara ya kwenda Embu, utapita Nkubu, na kabla hujafika Igoji ndiyo hapo. Ukipanda juu kuelekea mlima unakuta majani chai. Huku kwetu chini ni kahawa na ndizi. Sisi tuko na ndizi kwa nusu ekari. Na kabla ya ndizi, hiyo nusu ekari ilikuwa ya kahawa ya babu.

Mwezi huo bei ya kahawa ya arabika kwenye soko la dunia ilipita rekodi iliyokuwa imesimama tangu 1977. Redio ilikuwa inaimba hiyo tu. Jioni moja mzee wangu akaweka kikombe chini akasema, "Tunang'oa ndizi. Tunarudisha kahawa."

Mama hakuinua macho kutoka kwa mboga alizokuwa anachambua. "Kahawa gani? Hiyo hiyo iliyomfanya baba yako auze ng'ombe?"

Hapo ndipo vita vilianza. Siku tatu. Mzee anasema bei, mama anasema historia, na mimi niko katikati na laptop, mtoto wa kusoma, natarajiwa niamue. Nikafungua Excel nikatengeneza faili. Nikaweka bei ya sasa, nikapata faida kubwa sana, mzee akafurahi. Nikahifadhi. Mama akaniambia niweke bei mbaya. Nikatengeneza faili ya pili. Mzee akasema na mavuno yawe mengi kiasi. Faili ya tatu. Kufika usiku nilikuwa na faili saba, moja inaitwa "kahawa mwisho", nyingine "kahawa mwisho kabisa", na hakuna mtu aliyekumbuka ni gani ilisema nini.

Nikaanza kujiuliza kama kuna njia ya kuona hizo hali zote pamoja, kwa ukurasa mmoja, zijihesabu zenyewe. Kumbe iko. Na kumbe ni nzee kuliko mimi, nzee kuliko karibu kila mtu anayesoma hapa. Lakini kabla nikuonyeshe, lazima turudi nyuma kidogo, kwa sababu mzee na mama hawakuwa wanabishana kuhusu 2024. Walikuwa wanabishana kuhusu 1977 na 1989.

Wakati wa mkoloni, Mwafrika wa Kenya hakuruhusiwa kulima kahawa. Ilikuwa zao la masetla. Miaka ya 1930 serikali ikaruhusu majaribio madogo kwa wakulima Waafrika katika maeneo machache tu, nayo yalikuwa Kisii, Embu na Meru. Kwa hivyo mtu wa huku akijigamba kuhusu kahawa, ana haki kidogo. Tulikuwa kati ya wa kwanza kufunguliwa mlango, hata kama ni mlango mdogo.

Halafu 1954, katikati ya vita vya Mau Mau, ukaja Mpango wa Swynnerton. Roger Swynnerton alikuwa afisa wa kilimo, na mpango wake ulisema hivi: gawa ardhi upya, mpe kila familia hatimiliki, mruhusu apande mazao ya biashara kama kahawa na chai. Lengo lilikuwa kutoa familia 600,000 kwenye mapato ya pauni 10 kwa mwaka na kuzifikisha pauni 100. Siasa ilikuwemo ndani, usidanganyike. Mtu mwenye shamba la kahawa alitarajiwa asiwe na haja ya kwenda msituni. Lakini tazama hizo namba mbili, kumi mpaka mia. Ni safu moja ya jedwali. Ukipanda, utapata. Mkulima aliyeambiwa hivyo hakupewa safu ya pili inayosema bei ikianguka itakuwaje.

Na kwa muda mrefu safu hiyo moja ilionekana kuwa kweli. Julai 1975 baridi kali ilipiga mashamba ya Brazil, mibuni mingi sana ikafa, na bei ya dunia ikapaa mpaka ikavunja rekodi 1977. Hiyo ndiyo miaka wazee wetu wanaiongelea macho yakimeta. Kule mpakani na Uganda, kahawa ilivushwa kwa magendo mpaka kijiji cha Chepkube upande wa Bungoma kikawa jina la nchi nzima. Huku Meru watu walijenga nyumba za mawe, wakasomesha. Babu alikuwa na mibuni michache. Akaongeza mingine.

Sasa hapa ndipo penye shida, na ningependa usome polepole. Mbuni ukipandwa haukupi kitu mwaka wa kwanza. Unangoja kama miaka mitatu hivi ndiyo uanze kuvuna ya maana. Kwa hivyo mtu aliyepanda kwa sababu ya bei ya 1977 hakuvuna bei ya 1977. Alivuna ya miaka ya 1980. Kwa muda bei hiyo haikuwa mbaya, kwa sababu kulikuwa na Mkataba wa Kimataifa wa Kahawa uliogawia kila nchi kiwango chake cha kuuza nje ili bei isianguke. Kenya ilifika kilele cha uzalishaji msimu wa 1987/88, karibu tani 130,000. Siku hizi hatufiki hata nusu ya hiyo.

Julai 1989 nchi wanachama zikashindwa kuelewana kuhusu viwango, mfumo ukavunjika, na bei ya dunia ikaanguka kufika karibu nusu ndani ya miezi michache. Hakuna mtu wa Imenti aliyeulizwa. Mikutano ilikuwa London. Babu alisikia kwa redio, au labda hakusikia kabisa, aliona tu malipo.

Na hakuweza hata kung'oa. Sheria ya kahawa ya wakati huo ilimkataza mkulima kung'oa mibuni bila ruhusa. Unaelewa hiyo? Umeambiwa upande, bei imekufa, na kutoka pia huwezi. Wengi walifanya kile babu alifanya: aliacha miti isimame lakini hakuipa mbolea, hakuipulizia dawa, akapanda mahindi katikati. Malipo ya chama cha ushirika yalikuwa yanachelewa, kwa hivyo hata kama angetaka kununua mbolea, angenunua na nini? Mti usiotunzwa ukazaa kilo mbili badala ya nane. Ng'ombe akauzwa, ada ikalipwa. Baadaye, sheria ilipolegea, ndiyo ndizi zikaingia.

Mama aliolewa kwa hiyo boma akakuta hiyo stori bado mbichi. Mzee alikuwa mvulana wakati nyumba ya mawe inajengwa. Kila mmoja amebeba safu yake moja kichwani, na zote mbili ni za kweli.

Hebu tuvuke bahari kidogo, nitarudi.

Mwaka 1978, mtoto wa chuo anayeitwa Dan Bricklin alikuwa anasomea biashara Harvard, Marekani. Mwalimu anaandika hesabu za kampuni ubaoni, jedwali zima. Akikosea namba moja, au akiuliza "je, kama bei ingekuwa hii?", anafuta na kuhesabu upya kila kitu kilichofuata. Bricklin akawaza ubao unaojifuta na kujihesabu wenyewe. Akaungana na rafiki yake Bob Frankston, Frankston akaandika kodi, na 1979 ikatoka VisiCalc kwa kompyuta ya Apple II. Hiyo ndiyo lahajedwali ya kwanza ya kompyuta ndogo. Watu walikuwa wananunua kompyuta nzima kwa sababu ya programu moja tu.

Lakini VisiCalc ilikuwa inakupa jibu moja kwa wakati. Unabadilisha bei, unaona jibu. Unabadilisha tena, jibu la kwanza limepotea. Ni zile faili zangu saba, tu zimevaa nguo za 1979.

Januari 1983 ikatoka Lotus 1-2-3, ya Mitch Kapor na Jonathan Sachs. Ndani yake kulikuwa na amri iliyoitwa Data Table. Unaipa orodha ya bei, mfano bei tano, na unaionyesha seli ambayo bei inakaa. Yenyewe inachukua bei ya kwanza, inaiweka kwenye seli, inahesabu modeli yote, inaandika jibu pembeni. Inachukua ya pili. Inafanya hivyo mpaka mwisho, halafu inarudisha kila kitu kama kilivyokuwa. Sasa yule mwalimu wa Bricklin ana mbao tano ukutani na hafuti hata moja. Kulikuwa hata na kitufe, F8, cha kuiambia ihesabu tena. Excel ikaja kwa Macintosh 1985 na kwa Windows 1987, na jedwali hilo bado liko ndani yake, karibu na jina lile lile.

Fikiria tarehe. 1983. Miaka sita kabla ya mkataba wa kahawa kuvunjika.

Na usifikiri hizi mashine zilikuwa za Wamarekani pekee. Mapema miaka hiyo ya 1980 kompyuta ndogo zilikuwa zimeshaingia wizarani hapa Nairobi kusaidia kazi za bajeti, upande wa kilimo ukiwemo. Mwaka 1983 Pinckney, Cohen na Leonard walichapisha makala kuhusu matumizi hayo ya Kenya kwenye usimamizi wa fedha za wizara. Yaani kifaa cha kuuliza "je, kama?" kilikuwa kwa mji mkuu wetu. Kile ambacho hakikutokea ni hilo swali kushuka na gari ya Embu mpaka kwa babu. Sisemi jedwali lingeokoa bei. Lakini mtu aliyekuja kwa baraza kuhimiza kahawa angeweza kuja na karatasi yenye safu tatu badala ya moja, na babu, ambaye alikuwa anajua hesabu ya ng'ombe kuliko mimi ninavyojua ya Excel, angejiamulia.

Kuna mahali Kenya ilijaribu kufanya kitu kama hicho, ila kwa maneno. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Taasisi ya Masuala ya Uchumi na shirika la SID walikusanya watu wa kila aina wakae chini wawaze Kenya ya mbele. Mwaka 2000 wakatoa kitabu, Kenya at the Crossroads. Hakikutabiri kitu kimoja. Kiliandika Kenya nne. El Niño, ambapo hatubadilishi siasa wala uchumi na mafuriko yanatubeba. Maendeleo, ambapo tunakimbilia uchumi na siasa inangoja. Katiba, ambapo tunaanza na sheria na uchumi unangoja. Na Flying Geese, mabata bukini wanaoruka pamoja, ambapo vyote viwili vinaenda. Miaka saba baadaye tukaona damu ya uchaguzi wa 2007, na 2010 tukapata katiba mpya. Mimi nikisoma hizo hali nne naona sisi tulionja karibu zote kwa zamu, na hilo ndilo linanifurahisha kuhusu kitabu hicho. Hakikubashiri. Kiliweka safu nne kwa meza na kusema, angalieni zote kabla hamjachagua.

Sawa. Turudi Kanyakine, usiku, laptop ina chaji asilimia 30.

Njia ya kwanza niliyoipata mtandaoni ilikuwa faili ya makro. Makro ni kodi ndogo inayokaa ndani ya lahajedwali na kufanya kazi kwa niaba yako. Niliipakua, Excel ikanikatalia na mstari mwekundu juu. Nikakasirika, halafu nikakumbuka kwa nini. Machi 1999 kirusi cha Melissa kilienea dunia nzima kikiwa makro ndani ya faili ya Word, na tangu 2022 Microsoft huzuia makro za faili zilizotoka kwa intaneti mpaka wewe mwenyewe uzifungulie. Na hata ingefunguka, je? Nikiwa nimerudi Nairobi, nani angeirekebisha? Mzee hawezi kusoma kodi. Seli anaweza kusoma.

Kwa hivyo hii ndiyo tuliyofanya, bila makro hata moja. Namba ni zetu za mfano, usizichukue kama ushauri wa kilimo.

Kwenye B1 tuliandika namba ya hali, tuseme 1. Kwenye B2 idadi ya mibuni tunayotaka kupanda. Chini yake, B3 ni bei ya kilo ya kahawa mbichi, B4 kilo kwa kila mti, B5 bei ya mkungu wa ndizi, B6 gharama ya mbolea na dawa kwa kila mti. Hizo nne hatukuziandika kwa mkono. Pembeni, kutoka D mpaka H, tuliweka hali tano, kila moja kwa safu wima yake, na B3 ikapewa fomula =INDEX(D3:H3,B1). Maana yake: nenda kwa hizo bei tano, uchukue ile ambayo B1 inasema. B4, B5 na B6 vivyo hivyo, kila moja na mstari wake. Ukiandika 3 kwenye B1, modeli nzima inahamia hali ya tatu.

Shamba letu linaweza kubeba mibuni 400 ya kisasa au mashina 200 ya ndizi, kwa hivyo kila mibuni miwili inafukuza shina moja la ndizi. Kuchuma tuliweka shilingi 10 kwa kilo, kutunza shina la ndizi 150, na kila shina mkungu mmoja kwa mwaka. Faida yote ikakaa B8:

=B2*B4*B3-B2*B6-B2*B4*10+(200-B2/2)*(B5-150)

Sasa ule uchawi wa 1983. Kwenye A11 andika =B8. Kulia kwake, B11, C11, D11, weka mipango mitatu: 0, 150, 400, yaani mibuni mingapi. Chini yake, A12 mpaka A16, weka 1, 2, 3, 4, 5, zile hali. Chagua kuanzia A11 mpaka D16. Nenda Data, What-If Analysis, Data Table. Itakuuliza vitu viwili. Cha kwanza, row input, mpe B2. Cha pili, column input, mpe B1. Bonyeza OK.

Majibu kumi na tano yakajaa mara moja. Mzee akavuta kiti.

Hali ya kwanza ilikuwa mbaya: kilo shilingi 40, mti kilo 3, mkungu 250. Ya pili ya kawaida: 80, kilo 5, mkungu 500. Ya tatu ndiyo ya redio: 120, kilo 8, mkungu 700. Kutunza mti tuliweka 150 kote. Nilipofika hapo nikasema tumemaliza. Mzee akasema hapana, weka ule mwaka baba aliuza ng'ombe.

Nikamuuliza ni bei gani. Akasema, "Chukua nzuri, ukate nusu." Hiyo ikawa 60. Mavuno je? Akafikiria. "Angetunza, ingekuwa nane. Hakutunza, ikawa mbili." Kwa hivyo tukaandika mbili tofauti. Hali ya nne, bei nusu lakini miti inatunzwa, kilo 8. Hali ya tano, bei nusu na mbolea sifuri, kilo 2. Mkungu wa ndizi tukauacha 500 kwa zote mbili.

Kahawa yote, mibuni 400: mwaka wa redio ni faida 292,000. Mwaka mbaya ni hasara 24,000. Ndizi tupu, mwaka wa redio 110,000, mwaka mbaya 20,000. Mama alicheka kidogo hapo.

Lakini aliyenyamaza ni mzee, na hakuwa anaangalia hasara. Alikuwa anaangalia mistari ya nne na ya tano. Bei ile ile ya nusu, mibuni ile ile 400. Ukitunza, 100,000. Ukiacha, 40,000. Alikaa na kidole juu ya skrini. Maisha yake yote ameamini bei ndiyo ilimmaliza babu. Jedwali lilikuwa linasema bei ilimpiga, ndiyo, lakini kilichomaliza ni kukosa shilingi 60,000 za kutunza miti mwaka ambao bei ilianguka. "Na hizo angetoa wapi," akasema, na hakuwa ananiuliza mimi.

Safu ya katikati, mibuni 150 na mashina 125, haikuwa na namba ya kuvutia hata moja. Mwaka wa redio 178,250. Kawaida 73,750. Mwaka mbaya 3,500, lakini haikuwa na alama ya kutoa mbele yake. Na mbolea ya miti 150 ni 22,500, kitu ambacho ndizi zinazobaki zinaweza kulipa karibu kila mwaka, isipokuwa ule mbaya kabisa, ambapo zenyewe zinaleta 12,500 tu.

Hapa nilikuwa nimejisikia profesa. Mama akaharibu, kwa utaratibu wake. "Hiyo miaka mitatu kahawa haijazaa, tutakula nini?"

Nilisahau. Jedwali zima lilikuwa la mwaka mmoja, mti umeshakomaa. Majibu kumi na tano, yote yakiwa na shimo moja, na Excel haikusema chochote kwa sababu Excel haijui mbuni ni nini. Nilijiliwaza kwa kumkumbuka Thomas Herndon, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Massachusetts pale Amherst, ambaye 2013 yeye na walimu wake walionyesha kwamba makala maarufu ya madeni ya nchi, ya Reinhart na Rogoff wa Harvard, ilikuwa na fomula ya Excel iliyoacha nje nchi tano. Wachumi wakubwa, serikali zinawanukuu, na fomula haikufika mwisho wa safu. Jedwali linalojihesabu likikosewa mara moja linakukosea mara kumi na tano, na linakosea kwa mpangilio mzuri sana.

Tukaongeza miaka mitatu ya kungoja kwa kila mpango. Ile ya mibuni 400 ikawa miaka mitatu bila ndizi na bila kahawa. Hapo hakukuwa na mjadala tena, hata mzee aliona.

Mambo mawili ya kiufundi kabla nisahau. Ukiona jedwali lako halibadiliki ukibadilisha bei, angalia Formulas, kisha Calculation Options, huenda imewekwa ihesabu kila kitu isipokuwa data table. Mimi ilinipotezea saa nzima. Na B1 na B2 lazima ziwe ukurasa mmoja na jedwali, la sivyo Excel inakataa. Kuna pia kitu kinaitwa Scenario Manager kwenye menyu hiyo hiyo, watu wanakipenda, lakini ripoti yake ikishatoka imeganda, ukibadilisha bei haijui. Google Sheets kwa upande wake haina Data Table. LibreOffice, ambayo ni ya bure, inayo, inaiita Multiple Operations. Kama uko na simu tu na modeli yako ni ndogo kama yetu, andika fomula moja na unakili kulia, alama za $ zikikaa vizuri itafanya kazi ile ile. Data Table inaanza kuwa na maana pale hesabu yako ina hatua ishirini na hutaki kuzinakili mara tano.

Mvua za Machi 2025 tulipanda mibuni 150, upande wa chini karibu na mto. Ndizi za juu ziko pale pale. Mzee aliniomba nichapishe jedwali, akalibandika nyuma ya mlango wa stoo, na sasa ameanza kuandika juu yake kwa kalamu. Hunipigia Jumapili baada ya kanisa. Haanzi na salamu ndefu siku hizi. Juzi alisema, "Wameongea hamsini na tano huku. Weka hamsini na tano, halafu uniambie mstari wa nne unasemaje."